Mtafute kwa Masikio: Kumtazama Boomslang Rusinga

Anayemtafuta boomslang kwa kukagua tawi moja baada ya jingine ataambulia maumivu ya shingo tu. Nyoka huyu anaishi mitini na kuwinda mchana. Akitulia, hunyoosha sehemu ya mbele ya mwili wake hewani bila kuegemea kitu, nawe ukadhani ni kijiti. Kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, njia ninayoiamini ni kuwasikiliza ndege.

Kwenye migunga ya ufukweni minana husuka viota vinavyoning'inia, na boomslang huvifuata kwa ajili ya mayai na makinda. Kelele za kila siku za minana ni za soko, kila mmoja ana lake. Nyoka akiingia, sauti hugeuka: huwa moja, kali, ya kukatika-katika, na shore wa vichaka vya jirani nao huja kupiga kelele. Hapo ndipo uinue darubini. Usiwatazame ndege wenyewe, fuata wanakoelekeza vichwa. Huwa wamezunguka sehemu ambayo hakuna hata mmoja wao anayethubutu kutua, naye nyoka yumo humo.

Saa nayo ina uzito. Boti za omena zikisharudi na jua likapanda kidogo, nyoka hupata joto la kutembea, huku upepo wa ziwani ukiwa bado haujashika kasi. Majani yametulia, kwa hiyo kinachosogea hujifichua. Mchana upepo ukianza kuyumbisha matawi, heri uende zako.

C.J.P. Ionides, mkamataji nyoka mashuhuri wa kusini mwa Tanzania aliyefariki mwaka 1968, aliwategemea wanakijiji wamletee habari za nyoka walioonekana, kisha akaenda kuwakamata. Nusu ya kwanza ya mbinu yake inafaa sana Rusinga: waulize kina mama wanaoanika omena karibu na migunga ya ufukweni, na vijana wanaochunga mbuzi. Nusu ya pili iache kabisa.

Maana wapo wanaodhani nyoka mwenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, kama boomslang, hana madhara. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, bingwa wa nyoka mjini Chicago, aliumwa na boomslang mchanga. Hakutafuta tiba mapema, akaandika dalili zake moja moja, na kesho yake akafariki. Sumu hiyo huzuia damu kuganda, na hufanya kazi polepole kiasi cha kumdanganya mtu kwamba amepona. Dawa yake mahususi hutengenezwa Afrika Kusini, mbali mno na Rusinga.

Kwa hiyo kaa mbali, darubini ifanye kazi ya miguu. Ukiona shingo imevimba hadi ngozi inaonekana kati ya magamba, umeshamkera. Rudi nyuma taratibu, usimrushie kitu. Na ndege wakinyamaza ghafla, huenda ameshuka mtini. Angalia chini kabla ya kuinua mguu.