Gia Boksi ya Otomatiki: Kuunda Upya au Kuachana Nayo

Minada ya korosho ikianza Oktoba, magari ya mizigo ya Masasi na Newala hayapumziki. Yanazoa magunia kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vya vijijini na kuyafikisha kwenye maghala makuu ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU. Anayetoka Masasi kwenda Newala hupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, na mlima huo ndio unaoiumbua gia boksi iliyochoka: injini inapanda resi, gari halisogei.

Malori mengi ya huku ni ya gia za mkono. Mwenye gari la otomatiki lililozeeka hukosa wa kumuuliza, akaishia kuamua kwa kubahatisha.

Uamuzi mzuri huanzia kwenye mafuta ya gia boksi (ATF). Toyota nyingi za zamani hupimwa injini ikiwa inawaka na imepata moto, baada ya mkono wa gia kupitishwa kila nafasi na kurudishwa P. ATF nzima ni nyekundu na angavu. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua inaonyesha diski za klachi zimeungua. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta. Hapo rejeta nayo ibadilishwe, la sivyo kazi mpya itaharibika vilevile.

Kisha sampo, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya gia boksi, ishushwe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma, chembe za shaba kutoka kwenye bushi au masizi mazito ya diski vinamaanisha gia boksi ifunguliwe yote, au ing'olewe na kuwekwa nyingine.

Sampo ikiwa safi, mwenye gari asikubali haraka gia boksi ifunguliwe. Gia kuchelewa kuingia huweza kuwa upungufu wa mafuta tu. Gia kurukaruka huweza kutokana na solenoidi au kebo ya eksileta iliyolegea.

Wengi huagiza gia boksi ya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi. Ni njia halali, mradi muuzaji akubali kushusha sampo kabla ya malipo. Fremu ikiwa imeoza au injini inakula oili, fedha ziende kwenye gari jingine.

Fundi bora hutambulika kwa mazingira na utaratibu wake wa kazi. Hufanya kazi kwenye chumba kilichofungwa, kwa sababu vumbi la uwandani huziba njia nyembamba za valvu bodi. Hupanga diski kwa mfuatano, huloweka mpya kwenye ATF, hubadilisha sili zote, hukagua konveta na husafisha mabomba ya kipoozeo. Vifaa vya zamani humkabidhi mteja avione.

Mwisho, gari lipande Newala likiwa na mzigo, mafuta yapimwe tena juu, na salio la malipo litolewe baada ya hapo.