Chuki Gani Hii Tamu Namna Hii!

Mwenzangu, acha ulichoshika, acha kabisa, unisikilize! Nimekifunga The Hating Game sasa hivi, mashavu yananiuma kwa kucheka, macho mekundu kwa kukesha, moyo bado unanienda mbio. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Sally Thorne, Mwaustralia, imetoka tangu 2016 na haijachuja hata chembe. Jamani, utamu!

Sikia basi. Kampuni mbili za vitabu zimeunganishwa kwa shingo upande, zikabaki na wakubwa wawili wasioivana na wasaidizi wao wawili, Lucy na Joshua, meza zinatazamana. Na wanachukiana hao! Siyo kununiana tu, hapana. Wanakodoleana macho mpaka mmoja ashindwe. Wanaigizana: huyu akikunja mkono na yule anakunja, huyu akiegemea kiti na yule anaegemea, siku nzima, watu wazima kabisa, wenye mishahara yao! Ni utoto, ni ujinga, ni uchokozi mtupu, unacheka peke yako watu wanakuangalia, na bado!

Lucy ni kafupi, kachangamfu, rangi ya mdomo nyekundu ya kuwaka, karoho keupe mno, wazazi wake wanalima stroberi. Joshua mrefu, nadhifu, mkavu kweli kweli, mashati yake yana zamu, kila moja na siku yake, na Lucy anazijua zamu zote kwa kichwa! Sasa hebu niambie wewe: mtu unayemchukia, unajuaje shati atakalovaa kesho? Eeh? Hapo ndipo nilipoanza kujichekea chini chini, maana sisi wasomaji tumeshaona, yeye Lucy hajaona kitu!

Halafu ile lifti. Mama yangu, ile lifti! Joshua anakipiga kitufe, lifti inasimama katikati ya ghorofa, na mimi pumzi ikasimama nayo. Nilisoma, nikarudi juu, nikasoma tena, nikakitupa kitabu kitandani, nikazunguka chumba kizima nikijipepea, nikakirudia. Na bado! Kuna cheo kimoja wote wawili wanakitaka, kwa hiyo kila busu lina presha yake. Kuna Lucy kashikwa na homa, anatapika, hajiwezi, na nani anamuuguza usiku kucha? Yule yule jiwe! Mikono mipole, uvumilivu wa ajabu, nikalegea mwili mzima, nikalia machozi ya raha, mimi huyu!

Na kinachonimaliza ni hiki: mwisho unaujua tangu mwanzo kabisa. Watapendana tu, wataenda wapi? Lakini unang'ata kucha, unawafokea, "Mwambie basi, wewe!", unataka wafike na hutaki wafike, kwa sababu raha yote iko kwenye kuchelewa kwao. Utamu huo wa kungojeshwa, nani kaufanya mwepesi, wa kuchekesha, wa kusisimua namna hii?

Filamu yake ipo, ya 2021, nzuri, lakini anza na kitabu, nakuomba. Kitafute leo leo. Na siku ukigundua kwa nini kuta za chumba cha Joshua zina rangi ile… sisemi! Sisemi ng'o! Wewe nipigie tu, hata saa nane za usiku, tupige mayowe wote wawili!