Mahali pa Kihisi cha Themostati Katika Bruda ya Vifaranga, Turbo

Katika nyumba za nchi za baridi, themostati, yaani kifaa kinachopima joto kisha kikawasha au kuzima chanzo chake, hufungwa kwenye ukuta wa ndani, takriban mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua, mlango na jiko, kwa sababu hapo ndipo hewa inapofanana na ile inayomzunguka mwenye nyumba. Turbo, mji ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari kwenye barabara ya Eldoret kwenda Malaba, baridi ya usiku hukabiliwa zaidi kwa blanketi na jiko kuliko kwa mitambo, na themostati hupata kazi yake halisi katika bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa kwa ajili ya kulelea vifaranga. Wala si ajabu, kwani kifaa hiki kilianzia kwa kuku: Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alibuni mashine ya kuangulia mayai iliyojirekebisha joto kwa kutumia zebaki, zaidi ya miaka 200 kabla Warren Johnson wa Marekani hajapata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani mwaka 1883.

Kifaranga wa siku moja hawezi kuudhibiti vyema ujoto wa mwili wake, naye huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, kisha zipunguzwe takriban 3 kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Anayeichukua kanuni ya mita 1.5 na kukitundika kihisi ukutani anapima hewa ya kimo cha kifua cha mtu, ambayo ni ya moto zaidi kwa kuwa hewa ya moto hupanda, hali vifaranga wanaishi sentimita chache tu juu ya maranda.

Kosa la kukiweka kihisi chini kabisa ya taa ni la hila zaidi. Taa ya joto ya wati 250 hupasha kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga na kukipasha kile kinachopigwa nalo kuliko hewa iliyo katikati. Kihisi cha kawaida ni themista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka, na mara nyingi hufunikwa kwa chuma au plastiki nyeusi. Kikipigwa na miale hiyo husoma joto la ganda lake, kikaizima taa mapema, huku vifaranga walio pembeni wakizidi kupata baridi.

Mahali panapofaa, basi, ni kimo cha mgongo wa kifaranga, kwenye ukingo wa duara la joto, kati ya taa na vyombo vya maji, mbali na upepo wa mlangoni na mbali na kundi lenyewe, maana vifaranga wakikilalia kihisi kitasoma miili yao. Mwachano, yaani tofauti kati ya nyuzi za kuzima na za kuwasha, nao una uzito wake: ukiwa nyuzi 2, taa itazimika kwenye 33 na kuwaka tena kwenye 31, ukipunguzwa mno, swichi itacheza usiku kucha na kuchakaa.

Themostati erevu, inayotuma vipimo kwenye simu, hairekebishi lolote kati ya hayo, kwani kihisi kilichowekwa vibaya huutuma uongo mbali zaidi tu. Vifaranga wenyewe ni shahidi bora: wakisongamana chini ya taa wamepata baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wamezidiwa na joto, na wakijikusanya upande mmoja upepo unapenya kutoka upande wa pili. Umeme ukikatika na jiko la makaa likaingizwa, themostati haiwezi kuyazima makaa. Linalofaa ni kukihamisha kihisi kwenye ukingo mpya wa joto, kukisoma kama kipimajoto cha kawaida ikiwa themostati ina betri, na kuacha upenyo wa juu wa kutolea hewa ya sumu ya makaa.