Kinga, Zuio na Kashfa: Istilahi za Bunge, Mahakama na Magazeti

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Sisi tulio katika kazi ya istilahi tulilipokea badiliko hilo kwa furaha, lakini ni furaha yenye deni. Neno ambalo zamani lilikuwa tafsiri ya kumsaidia msomaji, sasa laweza kuwa neno lenyewe la sheria, ambalo kwalo mtu hufungwa au huachiwa. Makala haya yanachunguza maneno machache yanayotumika pale Bunge, Mahakama na magazeti yanapokutana, na kuonyesha penye kasoro.

1. Kinga si upendeleo

Ibara ya 100 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, na kukataza uhuru huo kuhojiwa mahakamani au penginepo nje ya Bunge. Kanuni hii ina mizizi yake katika Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689. Hapa kwetu inafafanuliwa na sheria iliyo katika Sura ya 296, ambayo mara huandikwa Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, na mara Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge. Ikiwa jina halijatulia, dhana zilizomo zitatuliaje?

Kinga ni ngao: mbunge hashtakiwi kwa alilolisema katika mjadala. Haki maalumu ni stahili ya Bunge zima, mathalan kujipangia taratibu zake. Madaraka ni nguvu ya kutenda, kama kuita mashahidi. Haya ni mambo matatu, wala si visawe. Wapo pia wanaofasiri dhana yote kwa neno "upendeleo". Hili halifai hata kidogo, kwa kuwa apendelewaye hudhaniwa kupewa asichostahili. Kinga ya mbunge si mali yake binafsi. Ni ya mpiga kura wa Songea, Mbinga au Tunduru anayetaka mwakilishi wake aseme bila hofu. Anayeiita upendeleo ameihukumu kabla ya kuieleza.

2. Zuio si pingamizi

Magazeti huchanganya zuio, pingamizi na katazo. Mitaani watu husema fulani "kapigwa stopu". Pingamizi ni hoja ya upande mmoja, nayo haimfungi mtu mpaka mahakama iikubali. Zuio ni amri ya mahakama, na anayelivunja huweza kuadhibiwa. Mkulima wa mahindi wa mkoa huu wa Ruvuma anayesoma kwamba shamba lake lina "pingamizi", kumbe lina zuio, ataingia na jembe na kuwa mtu aliyedharau mahakama. Mvua zikikaribia, tofauti ya maneno hayo mawili ni chakula cha mwaka mzima.

Mfano mkubwa ni wa Novemba 2014. Kampuni ya IPTL na wenzake walikwenda Mahakama Kuu ili kuzuia mjadala wa Bunge juu ya taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow. Amri iliyotolewa ilielezwa kwa wananchi kuwa ya kudumisha "hali ilivyo". Hali ipi? Taarifa kubaki bila kujadiliwa, au ratiba ya Bunge kuendelea? Maneno hayo yanabeba maana zote mbili. Bunge liliendelea kujadili, na kutoa maazimio yake mwezi huohuo. Somo kwa mtunga istilahi ni kwamba zuio lisilotaja tendo linalozuiwa ni kitendawili, na kitendawili hakipaswi kuwa amri.

Uingereza iko aina nyingine, ambayo wengine wangependa kuiita "zuio kuu". Oktoba 2009 gazeti la Guardian lilijikuta haliwezi kuripoti swali la mbunge Paul Farrelly kuhusu kampuni ya Trafigura na taka zilizomwagwa Abidjan mwaka 2006. Ukali wa zuio hilo haukuwa katika ukubwa wake. Kuwapo kwake tu kulikuwa siri. Basi liitwe zuio fiche.

3. Kashfa mbili katika neno moja

Tunasema "kashfa ya Escrow", maana yake aibu ya umma. Tunasema pia "kesi ya kashfa", maana yake madai ya kuvunjiwa heshima. Kwa hiyo sentensi "gazeti limeandika kashfa" yaweza kuwa sifa au shtaka. Sheria ya Magazeti ya 1976, na baada yake Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, zote zililinda habari fulani zinapochapishwa kwa haki, zikiwamo za mijadala ya Bunge. Mwandishi atajuaje mpaka wa ulinzi huo ikiwa neno lenyewe halina mpaka?

4. Udhaifu

Januari 2019 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge kwa kutumia neno "udhaifu" juu ya Bunge. Yeye alieleza kuwa ni neno la kawaida kwa wakaguzi. Aprili mwaka huo Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Kwa mkaguzi, udhaifu ni kasoro ya mfumo inayoweza kurekebishwa; masikioni mwa wengi ni unyonge wa mwenye kutajwa. Istilahi isiyotoka nje ya taaluma yake huweza kugeuka tusi ikifika barazani.

Mapendekezo

Tunapendekeza kinga, haki maalumu na madaraka yatenganishwe. Zuio libaki la mahakama, pingamizi la mdaawa, na katazo la sheria. Kashfa iwe ya aibu ya umma, na kosa la kuvunja heshima liitwe ukashifu. Orodha hii ipelekwe kwa mahakimu, makatibu wa Bunge na wahariri kabla haijasanifiwa, kwani wao ndio watakaoitumia, na wananchi ndio watakaohukumiwa kwayo.