Mzigo wa Panchu

Katika riwaya yake Ghare Baire, iliyotoka kitabuni mwaka 1916, Rabindranath Tagore anaurejea mzozo uliowagawa wazalendo wa Bengal baada ya Waingereza kulikata jimbo hilo mapande mawili mwaka 1905: je, mkoloni ashindwe kwa kususiwa na kuchomewa bidhaa zake? Sandip, kiongozi wa vuguvugu, aitikia kwa hamasa. Nikhil, mwenye ardhi, hapendi ukoloni, lakini akataa kuwalazimisha wakulima wake. Hata hivyo, uzito wa hoja haumo katika hotuba zao, bali katika mzigo wa nguo wa Panchu, mchuuzi fukara, unaotiwa moto kwa jina la taifa.

Ila ya riwaya ni kwamba Sandip amefanywa mlaghai mno. Upande wake haukupata wakili mwema. Wakili huyo alikuja baadaye. Tagore alipolaumu uchomaji wa nguo mwaka 1921, Gandhi alimjibu kuwa mwenye njaa ahitaji kazi kwanza, na kusokota uzi ni kazi. Jibu hilo halimrudishii Panchu mzigo wake. Lakini lau Sandip angalipewa hoja ya uzito huo, riwaya ingalikuwa imara zaidi.