Jinsi DNA Ilivyotenganishwa na Washukiwa Wengine

Uhai unaendeshwa na makundi manne makubwa ya molekuli: protini, wanga, mafuta na asidi za nukleiki, yaani DNA na RNA. Hadi miaka ya 1940 wataalamu wengi waliamini kuwa urithi unabebwa na protini, kwa sababu protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20 zinazopangika kwa namna zisizohesabika, ilhali DNA ilidhaniwa kurudiarudia besi zake nne bila kubadilika. Kwa maoni yangu, imani hiyo iliangushwa mwaka 1944 na Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty wa Taasisi ya Rockefeller, New York, na nguvu ya kazi yao imo katika mpangilio wa majaribio: kila kundi lilipimwa kwa kitu kinacholiharibu au kuliondoa lenyewe.

Frederick Griffith alikuwa ameonyesha mwaka 1928 kwamba bakteria wa nimonia wasio na ganda, ambao hawadhuru panya, hugeuka kuwa wauaji wakichanganywa na mabaki ya wenye ganda waliouawa kwa joto. Mabadiliko hayo hurithiwa na vizazi vyao. Ni nini katika mabaki hayo kilichowageuza? Avery na wenzake walianza na lita 75 za kimiminika kilichooteshwa bakteria. Wakaondoa protini kwa kutikisa mchanganyiko na klorofomu, na wanga wa ganda kwa kimeng'enya kinachoumeng'enya. Kisha wakadondosha alkoholi taratibu huku wakikoroga, na nyuzi nyeupe zikajisokota kwenye kijiti kama uzi kwenye kibiringo. Walichopata hakikuzidi miligramu 25, lakini kiligeuza bakteria hata kilipozimuliwa mno. Vimeng'enya vya kuvunja protini havikukidhuru, wala kile cha kuvunja RNA. Mafuta yalipoondolewa kwa alkoholi na etha, uwezo ulibaki. Ni maandalizi yenye kimeng'enya cha kuvunja DNA tu yaliyoufuta.

Alfred Mirsky, wa taasisi hiyohiyo, alipinga: huenda protini kidogo ilisalia, nayo ndiyo iliyofanya kazi. Hoja hiyo ilistahili jibu, kwani hakuna usafishaji unaofikia sifuri. Jibu likaja mwaka 1946, McCarty na Avery walipotumia kimeng'enya cha DNA kilichosafishwa kutoka kongosho la ng'ombe: kiasi kidogo mno kilizima kabisa uwezo wa kugeuza. Wengine husema ushahidi wa kweli ni ule wa Alfred Hershey na Martha Chase wa 1952, waliofuatilia fosforasi na salfa zenye mionzi katika virusi vya bakteria. Lakini humo sehemu ya salfa, yaani protini, ilibaki imenata kwenye bakteria. Kwa usafi, jaribio la Avery lilikuwa mbele. Kilichopungua mwaka 1944 ni maelezo ya namna DNA inavyoweza kutofautiana. Erwin Chargaff, aliyevutwa na makala ya Avery, aliyatoa kufikia 1950: viwango vya besi nne si sawa, na hutofautiana kutoka spishi moja hadi nyingine.