Ukumbi wa Sinema Hupimwa kwa Kiti cha Bei ya Chini

Ukiingia jumba la sinema la zamani, acha dari na mapambo kwanza. Shuka hadi safu ya mbele, pembeni kabisa, uketi. Hapo walikaa wenye tiketi ya bei ya chini, na hapo ndipo utajua kama msanifu aliwajali. Shingo ikiuma, au nyuso kwenye skrini zikionekana zimebanwa upande mmoja, jumba hilo lina kasoro hata kama lango lake ni la marumaru.

Kisha panda kuelekea nyuma. Mteremko mzuri huanza taratibu karibu na skrini na kuongezeka kadiri unavyorudi nyuma, na kila kiti hutazama katikati ya viwili vilivyo mbele yake.

Sasa tazama ukuta wa nyuma, mahali ninapopapenda kuliko pote. Chumba cha projekta kina matundu: moja la mwanga, jingine la mwendeshaji kuchungulia. Kikiwa juu mno, mwanga hushuka kwa ukali na picha hupanuka chini. Kuta zake ziwe nene, na matundu yawe na vifuniko vya chuma, kwa sababu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilikuwa za naitreti, inayoshika moto upesi sana. Angalia pia kama nafasi inatosha mashine mbili. Mkanda wa futi 2,000 ulikwisha kwa dakika 20 hivi. Pasipo mashine ya pili, watu walingoja gizani.

Baadhi ya majumba haya yamepata kazi mpya: lililokuwa sinema ya Shan, pale Ngara jijini Nairobi, leo ni Sarakasi Dome, na wanasarakasi wanaruka pale watu walipotazama filamu. Ukumbi mpana wenye dari ya juu haukosi kazi.

Ukivuka Jogoo Road hadi Kaloleni, badilisha kipimo. Ukumbi wa kijamii wa mtaa ule wa miaka ya 1940 uliwekwa katikati ya nyumba, na watu waliutumia kwa mikutano, yakiwemo mazungumzo ya siasa za kudai uhuru. Ukumbi wa aina hiyo, wa kucheza dansi leo na kupiga ndondi kesho, huhitaji sakafu tambarare, na anayeiita kosa hajaelewa kazi yake. Uliza badala yake: skrini ikitundikwa, ukingo wake wa chini utapita vichwa vya waliokaa? Madirisha yanazibika mchana? Piga kofi moja ukumbi ukiwa mtupu. Mwangwi ukirudi waziwazi, usihukumu bado. Rudi siku ya harusi, maana miili na nguo za watu hunywa sauti, kisha sikiliza maneno kutoka nyuma.

Mwisho, sukuma milango. Ya dharura ifunguke kuelekea nje, na isiwe imefungwa kwa kufuli.